Mahari niliyoitaja leo

Jamani, leo nimetaja mahari yangu, na mama hajanisemesha mpaka sasa.

Walikuja alasiri kutoka Msambweni: Bi Mwanasiti, mama wa mchumba wangu, na Bi Riziki, shangazi yake.

Nilikuwa chumbani na ile riwaya ya Kihindi ninayoiandikia tasnifu. Aliyeitunga ni mwanamke. Mhusika wake anaolewa, anazaa, anazeeka, na hakuna anayemuuliza anataka nini.

Nikaitwa. Nikawaamkia, nikakaa mkekani.

"Haya, bibi harusi," Bi Riziki akasema, "mahari yako nini? Dhahabu?"

Mimi nikaulizwa!

"Nataka nimalize chuo kwanza, ndipo nihamie kwake. Na iandikwe kwenye hati ya ndoa."

Mama akanifinya paja.

"Hayo ameyatoa vitabuni!" Bi Riziki akacheka. "Mwanangu, chuo hakivaliwi shingoni."

Bi Mwanasiti hakucheka. Alinitazama usoni.

"Mimi nilipoulizwa niliona haya," akasema taratibu. "Mama yangu akanijibia. Akasema kitanda."

Kisha akamgeukia Bi Riziki. "Iandikwe kama alivyosema."

Nyinyi mlioolewa, niambieni kweli: nani aliwajibia?