Siku Niliyowatetea Wapangaji
Nasomea sosholojia chuoni Njoro, na udadisi ndio ulioniponza. Nilitaka kuona wanyonge wakiungana dhidi ya wenye nguvu, kwa hivyo nikaenda mkutano wa wapangaji wenzangu wa mtaa wa Bondeni, kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikuta watu wenye makoti yaliyochakaa wakilalamika, "Hawa watu wametukalia chapati, wanatuonea tu!"

Nikasisimka, nikasimama. "Wenzangu, malandilodi ni kupe! Tukigoma kulipa kodi, watatupigia magoti!"

Mama mmoja aliyeketi mbele akageuka polepole. Alikuwa mwenye nyumba wangu.

"Kijana, wapangaji wako ukumbi ule mwingine," akasema. "Hapa tuko kupe peke yetu. Lakini endelea tu, tunataka kusikia."