Hedi Iliyowashusha Wakwe Njiani

Leo nacheka kwa kuwa miaka imepita, lakini jamani, siku ile ningeonyeshwa shimo ningeingia mwenyewe na kujifukia.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nikiwa fundi wa gereji moja pale Migori na nikimchumbia Akinyi wa Mbita. Bosi akanipa lori nikawachukue wakwe waje kuliona boma letu, maana mama yake Akinyi alikuwa bado hajaamua kama mtu wa grisi anafaa kupewa binti. Ningewabeba na lori lilivyokuwa, mambo yangekwisha. Lakini mimi (kiherehere nimezaliwa nacho) nikaona wakwe hawapandishwi vilima vya Homa Bay kwa lori linalokohoa, nikafungua hedi, kile chuma cha juu ya injini kinachopitisha hewa, nikapanua matundu yake ili injini ipate nguvu, nikayasugua kwa tupa mpaka vidole vikafanya malengelenge.

Mwenzangu Mwita, Mkuria wa Isebania, alikuwa na hedi ya aina ileile aliyoichonga kidogo tu, basi tukashindana. Tuliazima mivukuto ya mhunzi, tukaipachika kwenye tundu la hedi, tukaweka jiwe juu yake. Jiwe likishuka upesi, hedi inapitisha hewa nyingi. Kwa Mwita lilishuka polepole. Kwangu lilianguka puu, na gereji nzima ikanipigia makofi.

Mwita akapitisha kiganja ubavuni mwa hedi yangu. "Rafiki, hewa inatokea huku kwa njia ya maji."

"Hiyo ni wivu," nikamwambia, nikaenda kuifunga (nilikuwa nimetoboa ukuta wa ndani unaotenga hewa na maji ya kupoza injini, ndiyo, lakini nani humsikiliza aliyeshindwa?).

Kutoka Mbita wakwe waliimba nyimbo za kanisa, nami nikajiona bwana arusi tayari, mpaka kilima cha kwanza baada ya Homa Bay, ambapo injini ilikunywa maji yote ya rejeta, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Wakashuka na nguo zao nzuri kulisukuma lori kando ya barabara, na mama mkwe akaja kusukuma ubavuni pangu kabisa. Sasa kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hata mkono hawapeani, nami kwa kuchanganyikiwa nikajitupa chini ya lori, kwenye matope, nikajifanya nakaza nati.

"Yawa, jamani, huyu ameficha kichwa akaacha miguu nje?" nikamsikia akiuliza.

Nililia kule chini, sifichi, kwa sababu nilimpenda Akinyi na nilijua nimempoteza.

Baadaye mjomba wake akainama. "Toka. Mama amesema msichana utapewa. Mtu anaheshimu mkwe mpaka analala kwa matope, huyo ni mtu. Lakini siku ya arusi hakuna mtu atapanda gari yako."

Kweli walikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, na mimi nikatembea nao, viatu vipya vikinibana njia nzima bila kuthubutu kulalamika. Tangu hapo hedi ya injini naifunga kama ilivyotoka kiwandani.