Sharti la Kimya Mlimani Ngong

Nasipwondi alikuwa mfua nguo, mpangaji wa chumba kimoja huko mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Mwaka wa 1974 kanisa lao dogo lilipanda mlima wa Ngong kuomba, naye akaenda kupeleka ombi la mtoto.

Mzee Wepukhulu, kiongozi wao, alikuwa na sharti: tangu chini hadi kileleni, hakuna kusema. Atakayefungua kinywa, ombi lake limeanguka. Sharti hilo halimo katika Maandiko, na kwenye mlima wenye nyati ni upumbavu. Lakini waliliogopa kuliko nyati.

Walipanda kwa mstari, matumbo matupu. Nusu ya njia ukungu ukashuka. Nasipwondi, aliyekuwa wa mwisho, akawa anaona mgongo mmoja tu, wa rafiki yake Katunge, muuza vyondo, vile vikapu vya mkonge. Kisha akakanyaga mavi ya nyati, bado yana joto. Kichakani kitu kizito kilipumua, kikatulia.

Mbele, njia iligawanyika. Nyayo za wenzao zilikwenda kulia. Katunge, kichwa ameinamisha, akashika ile ya kushoto, njia ya wanyama inayoteremka hadi ukingo wa genge. Nasipwondi akakimbia amshike, akateleza, akaanguka. Akapiga makofi, upepo ukayameza. Katunge alikuwa akizama ukunguni.

Nasipwondi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alimwona mtoto wake, yule ambaye hajazaliwa. Kisha akaiondoa mikono.

"Katunge! Simama hapo hapo! Usiongeze mguu!"

Matawi yakavunjika, mnyama akatimka kuelekea bondeni. Mwishowe sauti nyembamba ikatoka ukunguni:

"Dada, hapa mbele hakuna kitu. Mawe yanaanguka tu."

Nasipwondi alimfuata akitambaa, akamvuta kwa leso yake. Wakapanda wameshikana, kila kichaka kikiwatisha.

Kileleni wote walikuwa wamesikia ukelele wa Nasipwondi; sauti nyembamba ya Katunge haikuwafikia. Maombi yalipoanza kutajwa, Nasipwondi akarudi nyuma, akajifunika uso. Zamu ya Katunge ikafika. Alikuwa amekuja kumwombea mumewe kazi. Akapiga magoti.

"Mungu, huyu dada anataka mtoto. Hilo ndilo ombi langu. Na mzee akitaka kulikataa, twende naye kule gengeni, akalikatalie huko."

Hakuna aliyecheka. Mzee Wepukhulu alitazama chini, kule ukungu ulikotanda. Kisha akasema amina.