Tapeti za Maji Kupwa

Kwa miaka niliamini, imani ya mtu aliye tayari kula yamini msikitini, kwamba tapeti za gari hupimwa maji yakiwa yamekupwa. Bahari ikijaa, niliambiwa, chuma nacho hujaa. Ukipima wakati huo injini inakudanganya mchana kweupe. Aliyeniambia ni fundi wa mashine za boti pale bandarini Wesha, huku anakunywa kahawa yangu. Mjinga angecheka akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesoma. Ndio kwanza nimehitimu masomo ya jioni, cheti bado kinanukia wino, na mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha kwamba mwezi huivuta bahari. Nikajiambia: mwezi unaoinyanyua bahari yote kutoka Pemba mpaka Bombay, utashindwa na valvu nane?

Gari yenyewe ni ya marehemu baba. Ya Kiingereza, ya zamani, nyeupe kama maziwa yaliyoanza kuganda. Imo uani hivi sasa ninapoandika, inadondosha oili, na nahakikisha inadondoshea upande wa kaka. Lakini mwaka ule haikuwa na uhakika wa kulala uani hata usiku mmoja, maana kaka yangu wa baba mmoja alikuwa ameazimia kuipakia kwenye boti ya vyuma chakavu.

Nyumba yetu ya Madungu ina milango miwili na haina salamu hata moja. Mlango huu wangu. Mlango ule wa kaka na mamake, mke mkubwa wa baba, ambaye mimi humwita mama mkubwa na yeye huniita "wewe". Akifurahi sana, "wee". Ua ni wa sote, na gari ilikaa katikati ya ua kama mfupa kati ya mbwa. Kila asubuhi kaka alitoka na mswaki mdomoni, akaipiga teke gurudumu.

"Kaburi hili," akasema. "Kaburi lenye magurudumu."

"La nani? La babaako?"

"La akili zako, yakhe. Huoni lilivyokuwa dogo?"

Baba alikuwa ameniachia neno moja kuhusu injini ile: kumi na mbili. Juu ya kila valvu kuna mkono wa chuma unaoigonga ifunguke, na kati ya mkono na valvu lazima pabaki upenyo; kupima tapeti ndiko kupima upenyo huo. Upenyo huo hupimwa kwa fila, kibamba cha chuma chembamba kama ganda la kitunguu, kilichopigwa namba. Ya kwetu ni kumi na mbili. Fila isipite ovyo, isikwame pia. Ipite kwa kusuasua, kama mtu anayekatiza kati ya wake wenza wawili. Kazi hiyo niliielewa tangu nazaliwa.

Basi kila nikitaka kupima niliiweka gari kivulini, nikampigia simu fundi wa Wesha.

"Yamekupwa?"

"Bado. Ngojea mpaka alasiri."

Nikangojea. Bahari ikitoka, natoa kava, nalegeza nati, napitisha fila, nakaza. Injini ikazunguka kwa kimya kitukufu; paka wa mtaa mzima wakaja kulala juu ya boneti huku imewashwa. Sifa nilizojipa siku hizo zingetosha maulidi mazima. Tatizo likawa moja. Nguvu haina. Ikishapata moto na kuona kilima, inapumua kama mzee aliyebebeshwa gunia la karafuu.

Kaka akaliona hilo. Ijumaa, baada ya sala, akaja mpaka mlangoni kwangu, jambo ambalo hakulifanya hata nilipougua.

"Kesho boti ipo Wesha. Tunakwenda nayo, unaiendesha mwenyewe. Ikifika na nguvu, rudi nayo, sitaigusa tena. Ikifika inajikokota, inapanda boti."

"Nami nitapanda," akasema mama mkubwa nyuma yake. "Nataka niione inavyoondoka."

Tukaenda. Kaka mbele, anahesabu vilima kwa sauti kama anasoma uradi. Mama mkubwa nyuma, kanyooka kama msumari. Tulipitwa na baiskeli. Tulipitwa na gari la ng'ombe, na wallahi ng'ombe aligeuka kututazama kwa huruma. Kilima cha mwisho kaka alishuka akapanda kwa miguu, akafika juu mwanzo, akatungoja huku anapiga makofi.

Wesha maji yamejaa pomoni. Boti imekaa juu sawa na gati, na wapakiaji wanaharakisha, maana maji yakianza kutoka lazima iondoke. Kaka akaitisha kamba.

"Nipe nafasi," nikamwambia. "Ni tapeti tu. Nikizipima vizuri itaruka."

"Zipime. Una muda mpaka maji yaanze kutoka."

"Sasa siwezi. Maji yamejaa."

Kaka akaiacha kamba. "Umesema nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza mwezi, bahari, chuma, nikanyoosha na kidole mbinguni. Wapakiaji wakatua mizigo ili wacheke vizuri. Fundi wangu alikuwa pale pale. Nilipomwita anitolee ushahidi, akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndara.

"Nakwambieni, baba alimzaa huyu kwa bahati mbaya," kaka akasema. "Haya, fungeni kamba."

"Hapana kufunga," akasema mama mkubwa.

Alikuwa bado amekaa ndani ya gari. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja tu.

"Mama!" kaka akasema.

"Nyamaza. Huyu simpendi kuliko nisivyoipenda hiyo gari, na Mungu anajua. Lakini upuuzi huu wa mwezi sendi nao nyumbani." Kisha akanigeukia. "Wewe. Babaako akirudi safari, hata hajabadilisha shuka, anafungua injini inatoa mvuke. Unadhani nani alikuwa akimpaka samli vidoleni akishaungua? Chuma hutanuka kwa moto, hakitanuki kwa bahari. Hiyo kumi na mbili ni ya injini ya moto. Wewe unangojea maji, injini inapoa, unapima. Ikipata moto upenyo umekwisha, valvu hazifungi, nguvu itoke wapi? Sasa hivi ni ya moto. Ifungue upime, mimi sirudi Madungu kwa miguu."