Ng'ombe wa Masanja Wageuka Pikapu

Mnaonifahamu pale Kagongwa kwenye mashine za mchele mnajua kwamba Mama Kulwa si mtu wa safari. Magunia yangu ndiyo husafiri. Mimi hubaki nyumbani na simu sikioni, nikiuliza yamefika wapi. Msimu huu nilifunga safari mwenyewe, na msinicheke, nilifunga kwa sababu nilikuwa nimechoka na pikapu za kukodi.

Mama lishe wa kule machimboni wanautaka mchele siku waliyosema, si siku ambayo dereva ameamka vizuri. Mara ya mwisho dereva wa kukodi aliyashusha magunia yangu kando ya barabara, akapakia timu ya mpira iliyokuwa inawahi mechi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, atarudi. Alirudi kweli, kesho yake, timu ikiwa imefungwa na magunia yangu yamenyeshewa. Hapo nikasema basi, tununue yetu.

Fedha ya kununulia ndiyo iliyoifanya safari iwe nzito. Nilipoolewa, ng'ombe wa mahari yangu walibaki kwa baba, na kwa desturi yetu Wasukuma hao ndio ambao mdogo wangu Masanja angewatumia kuoa. Walizaana vizuri, na Masanja naye alikuwa amekwisha kumchumbia Minza, binti wa Mzee Ngasa. Tukakaa kikao cha familia, tukakubaliana tuwauze wale ng'ombe, tununue pikapu, Masanja aiendeshe, na mavuno yakipita tupeleke ng'ombe wengine kwa mkwe. Masanja amewaendeshea watu magari miaka mingi, na alikubali kabla sijamaliza kusema. Mzee Ngasa naye alikubali kusubiri, ila aliweka sharti.

"Mkishainunua, msipite hapa kwangu bila kusimama," aliniambia. "Nitaitazama kwa macho yangu. Mkiniletea mkweche, mjue kuna mwingine amekwisha kupiga hodi kwa Minza."

Alfajiri tuliondoka Kagongwa. Kwenye mkoba wangu niliweka chapati, tochi, kipande cha gunia cha kulalia chini ya gari, na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya wanangu, Kulwa na Doto. Masanja alivaa shati la kwenda kanisani. Nilimuuliza kama ataingia uvunguni mwa gari na shati lile, akasema muuzaji akimwona mtu nadhifu humheshimu. Nikamwacha. Mtu mwenye uchumba hashauriani na akili.

Kahama tulibadilisha gari, tukapanda mchomoko, yale magari madogo ya abiria yanayokwenda Bulyanhulu. Njiani nilimfundisha Masanja jinsi sisi wa mchele tunavyonunua. Hatutazami mchele wa juu ya gunia, maana huo umewekwa ili utazamwe. Tunachoma bambo, kile chuma chenye mfereji, mpaka chini kabisa, tunavuta tuone kilichojificha.

"Gari si gunia, dada," alisema.

"Ngoja tufike."

Asubuhi jua likiwa limeanza kuchoma, tulifika kwa muuzaji wa kwanza, nje kidogo ya eneo la mgodi. Aliitwa Baba Neema, mtu mnene, mchangamfu, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Pikapu ilikuwa nyekundu, imeoshwa, mazulia mapya, na redio yake ilipowashwa majirani walianza kuchezesha mabega. Nikamtazama Masanja. Alikuwa amekwisha kuoa.

"Mwangaluka, mayu," Baba Neema alinisalimu Kisukuma, kisha akarudi kwenye Kiswahili cha biashara. "Hii gari haijui shida. Jumapili kanisani, siku nyingine napeleka watoto shule. Mawe? Hata jiwe la kujengea banda la kuku haijawahi kubeba!"

Nilimwelewa. Huko kila mtu anauliza juu ya mawe, kwa sababu pikapu nyingi hubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kwenda kwenye karasha yanakosagwa. Mawe yale ni mazito kuliko yanavyoonekana, na barabara zenyewe ni mashimo. Gari likifanya kazi hiyo mgongo wake huisha, hata kama sura inang'aa.

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Mbona imeshaamka?" niliuliza. "Tulikuomba kwenye simu uiache imelala mpaka tufike." Gari bovu likishapashwa moto hujikaza mbele ya mgeni, ukitaka kujua afya yake liwashe likiwa baridi, usikie kama linakohoa na uone moshi wa rangi gani.

"Nilikwenda kuchota maji mara moja tu."

Nikazunguka na sumaku yangu. Ubavu wa kulia ilinasa vizuri. Ubavu wa kushoto ikaanguka chini, maana pale chini ya rangi hapakuwa na bati, palikuwa na pati ya kuzibia. Baba Neema akasema ni mbuzi aliyemgonga. Masanja akasema mbuzi wa huku ni wakubwa, akaendelea kubadilisha stesheni za redio. Kusema kweli nilianza kukasirika, si kwa Baba Neema, ambaye alikuwa kazini, bali kwa huyu ndugu yangu aliyekuwa anaona harusi tu badala ya gari. Alikuwa anaomba twende tukaijaribu barabarani, halafu tulipe.

Hapo ndipo Mama Neema alipotoka ndani. Alikuwa na ufagio mkononi, karai kichwani, na kijiti.

"Baba Neema, usiwape kwanza," alisema. "Ngoja nifagie."

Nilifurahi. Nilidhani ni heshima kwa wageni, nikamshikia karai. Akapanda kwenye bodi, akafagia pembe zote pole pole, akachokoa kwa kijiti vumbi lililokwama kwenye maungio ya bati, akalikusanya lote bila kumwaga hata punje, akalifunika kwa kanga.

"Usijisumbue, mama," nilimwambia. "Sisi wageni wa kawaida tu, hilo vumbi halituumizi."

"Mama, huu si usafi," alinijibu, na uso wake ulikuwa mweupe kabisa, hauna hila. "Hili vumbi nikilipeleka likaoshwe, hela ya mboga hainikosi. Kila ikirudi karasha lazima nifagie. Na mawe ya juzi yalikuwa mazuri!"

Redio peke yake ndiyo iliyoendelea. Baba Neema aliangalia juu kama mtu anayekagua dalili za mvua, na mbingu ilikuwa nyeupe tupu. Mama Neema akatutazama mmoja mmoja, akamtazama mumewe, kisha akaziba mdomo kwa kanga.

Aliyeanza kucheka ni Baba Neema mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mke wangu huyu! Hata viatu vyangu huvikung'utia kwenye karai."

Masanja alizima redio. Akavua shati lake la kanisani, akatandika kipande cha gunia, akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuwa na utani. Chesisi ilikuwa imekatika nyuma ya kabini na kuchomelewa kwa kibati, kibati kikapakwa rangi nyeusi mbichi bado. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezewa mabamba, na hakuna anayeongeza mabamba kwa ajili ya kupeleka watoto shule. Matairi ya nyuma yalikuwa yameliwa upande wa ndani tu.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "ningewapeleka ng'ombe wetu wakafie hapa."

Hatukugombana na mtu. Mama Neema alitulisha ugali na maziwa ya mgando, na tulipoaga alinisindikiza hadi barabarani, ameaibika kidogo, lakini karai lake lilikuwa mahali salama.

Alasiri ya siku hiyo tulikuwa njiani kuelekea Rwamgasa. Tukaanza kuona mirundo ya udongo mwekundu na maturubai ya wachimbaji. Hapo Masanja akauliza, "Bambo lenu mnachoma kwa nguvu au pole pole?" Nikajua kwamba sasa nasafiri na mnunuzi.

Jioni tulifikia kwa mama lishe mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye alinipokea kwa kunilaumu juu ya mchele ulionyeshewa. Nilipomweleza tunachotafuta alikunja pua. "Ipo ya Mama Ashura. Lakini hiyo hakuna anayeitaka. Mtainusa kabla hamjaiona."

Asubuhi tuliifuata. Mama Ashura ni mfanyabiashara wa dagaa. Wazazi wake walitoka Tanga, yeye amezaliwa Geita, na anaongea haraka kwa sauti ya watu wa pwani. Alikuwa amepata lori, kwa hiyo pikapu anaiuza. Ilikuwa ya kijivu, au labda zamani ilikuwa nyeupe. Na harufu! Dagaa wa miaka yote walikuwa wameacha salamu zao pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibuni. Sitawadanganya. Redio haiimbi. Mlango wa kushoto unafunguka kwa nje tu. Sakafu ya bodi imeliwa na kutu huku pembeni, mtaweka bati. Na harufu mnaisikia wenyewe."

Masanja alishika boneti: baridi kabisa. Tukaomba iwashwe. Ikashika mara moja, moshi ukatoka kidogo, ukakata. Akachomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya vidole kutafuta punje za chuma. Akafungua rejeta kabla haijapata moto, akatazama kama maji yana mafuta. Akasoma namba ya injini na ya chesisi nami nikiwa nimeshika kadi ya gari. Zilifanana, na jina kwenye kadi lilikuwa lake Mama Ashura. Kisha akaingia chini bila kuambiwa.

Mimi nilipanda kwenye bodi. Nilifanya kama Mama Neema: nilichukua kijiti nikachokoa pembe. Vilitoka vichwa vya dagaa, magamba, mchanga mweupe wa ziwani, na mbegu moja ya ndimu. Vumbi la mawe halikuwepo hata chembe. Nikacheka peke yangu kule juu. Gunia la dagaa wakavu hata mwanamke mmoja hulibeba kichwani! Gari hili lilikuwa limenuka maisha yake yote, lakini lilikuwa halijawahi kuchoka.

"Chesisi imenyooka, rangi ya kiwandani bado ipo," sauti ya Masanja ilitoka uvunguni. "Springi ni zake mwenyewe."

Bado hatukuridhika. Mteja wangu alituazima viroba vya mahindi, tukaipakia, tukaipandisha mlima, tukashika breki kwenye mteremko, Masanja akaachia usukani kidogo aone kama inavuta upande. Ilikwenda bila kelele. Mama Ashura alikaa katikati yetu akisimulia juu ya bei ya dagaa, na mlango wa kushoto uligoma kama alivyosema.

Mchana tulikwenda wote mjini Geita, tukaandikishana mkataba kwa mwanasheria na kuanza kubadilisha jina kwenye kadi. Mama Ashura alinikumbatia. "Mchele wako sasa utafika na mboga yake," alisema, nami nikamwambia nitanunua turubai leo hii.

Siku iliyofuata tulirudi, madirisha wazi. Masanja, kwa kukosa redio, aliimba mwenyewe mpaka Kahama. Tulipokaribia kwa Mzee Ngasa alinyamaza, akavaa lile shati lake la kanisani, ambalo sasa lilikuwa na oili kifuani. Nami nilikuwa na hofu, nakiri. Kununua ni jambo moja. Kusimama mbele ya mkwe na gari linalonuka ni jambo jingine.

Mzee alitoka na fimbo yake. Masanja alibaki upande wa pili wa gari, macho chini, kama inavyompasa anayeomba mke. Mzee alizunguka. Akasimama nyuma, akavuta pumzi, akarudi hatua.

"Hii imebeba nini?"

"Dagaa, baba," nilisema. "Haijawahi kubeba mawe. Nimechokoa pembe zote kwa mkono wangu." Nikamweleza habari ya Mama Neema na karai. Alisikiliza bila kucheka. Akainama kwa taabu, akatazama chini ya gari kwa muda, akaigonga chesisi kwa fimbo. Akasimama tena, na mimi sikujua pa kuweka mikono yangu.

Minza alikuwa ametokeza mlangoni. Alilitazama gari, akamtazama Masanja na shati lake, akaingia ndani. Nikadhani ametukataa. Kisha akatoka na ndoo ya maji, majivu na brashi, akapanda kwenye bodi bila kumsemesha mtu, akaanza kusugua. Alisugua pembe zile zile.

Mzee Ngasa alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Huyu anaosha gari la nani?" aliniuliza.

Masanja hakuthubutu kujibu, basi nilijibu mimi. "La kwake, baba."

Mzee akaegemea fimbo, na mwishowe akacheka. "Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma. "Haya, nendeni mkavune. Ng'ombe nitawasubiri."

Wengi pale mashineni wameniuliza mtu atazame nini akinunua pikapu iliyotumika. Nawaambia yote niliyoyaandika hapa: boneti baridi, moshi, oili, namba, springi, chesisi. Kisha nawaambia wapande nyuma wamwangalie mwenye ufagio. Harufu bado haijaisha, na Minza anasema harusi yao itanuka dagaa. Anasema hivyo huku anacheka, akiwa amekaa mbele, upande wa ule mlango ambao lazima Masanja ashuke, azunguke, amfungulie.