Sanda Iliyokamata Droni

Katika ofisi ya mtaa, Kapata, tulikuwa wanne: karani nyuma ya meza yake, sajini wa jeshi, mama mzee wa Kiislamu, na mimi niliyefuata cheti cha makazi. Mezani palikuwa na droni ya kijeshi iliyozongwa na kitambaa cheupe.

Sajini alinyoosha mikono kama mwenye bunduki. Alisema alivuruga mawasiliano ya droni kwa mashine yake, ikapotea njia, akaikamata.

"Tata, ni sanda yangu njo ilikamata," mama akasema. "Weye ulinikuta mi nimeikalia."

Karani akacheka. Sajini hakucheka.

Mama alikuwa ameanika sanda aliyojiwekea kwa maziko yake, nayo droni ikaiangukia kambani. Sasa alitaka kuirudisha sanda nyumbani.

"Haiwezekani, mama," sajini akasema. "Sanda iko mu dosie. Tunangojea bakubwa ba Kinshasa."

"Nitangoja. Lakini siku nitaihitaji, sitaweza kuja kuichukua mi mwenyewe."

Karani aliandika "kitambaa" katika jalada hilo la ushahidi. Nilimwomba aandike "sanda", akasahihisha, kisha akaifungia sanda kabatini.

Tunayo mashine ya kuangusha droni bila kuigusa. Ya kufungua kabati la ofisi bado haijaletwa.

Wiki hii nilirudi kuchukua cheti changu. Droni imeshapelekwa Kinshasa. Sanda ingali kabatini, inangoja saini.

Mama yule alifariki Jumanne.