Lindo Haliachwi

Mtu akiniambia tena kwamba kila kitu chetu kiko salama mawinguni, nitampeleka bandarini Port Bell nikamwonyeshe geti.

Mimi ni meneja wa teknolojia katika kampuni ya ulinzi hapa Kampala. Walinzi wetu wengi ni wastaafu wa jeshi na polisi, watu wa kaskazini, na Kiswahili chao ndicho kinachotawala uani kwetu. Mimi mwenyewe nimekulia kambini, binti wa polisi, kwa hiyo najua neno lindo lina uzito gani kwao. Mboga ikiungua jikoni, baba alikuwa haulizi nani alikuwa anapika. Aliuliza, "Nani ameacha lindo?"

Zamani walinzi waliripoti kwa redio. Kila saa mama mmoja wa chumba cha mawasiliano aliita kituo kimoja kimoja, na mlinzi akajibu. Alizijua sauti zote. Ukijibu una usingizi, anakugundua na kukukaripia. Ukijibu una homa, anakugundua na kutuma mtu wa kukupokea.

Halafu mkurugenzi wetu akarudi kutoka mkutano wa ng'ambo na neno moja mdomoni: wingu. Redio zikakusanywa, mama akahamishiwa mapokezi, kila kituo kikapewa simu. Kila saa mlinzi anabonyeza kitufe, habari inakwenda kwenye kompyuta za watu wa mbali tusiowajua, kisha inarudi ofisini kwangu, na taa ya kituo kile inawaka kijani kwenye skrini. Habari isipofika, inawaka nyekundu. Nyekundu zikizidi, mfumo unamwandika mlinzi kuwa mtoro.

Sikupinga wingu. Kazi hii ndiyo inayonilisha, na naipenda. Nilichopinga ni huo upuuzi wa kudhani wingu linaelea bila kushikwa na kitu. Bila mtandao, wingu halipo. Na ghala tunalolinda Port Bell ni mabati matupu, paa na kuta, mtandao unafia mlangoni. Nikaomba tuweke antena. Mkurugenzi akacheka mbele ya kikao kizima.

"Tumehamia wingu ili tuachane na nyaya na milingoti. Wewe unataka kuturudisha nyuma?"

Nilitamani kumrushia kikombe cha chai. Badala yake niliwaandikia wenye mfumo, nikieleza kwamba simu ikikosa mtandao ihifadhi habari na kuituma baadaye. Nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu yana thamani kubwa kwao.

Walinzi wa Port Bell walijitafutia dawa yao. Saa ikifika, wanatoka getini, wanapanda barabara hadi kwenye kibanda cha chapati, mtandao unashika, wanabonyeza. Simu hutuma pia mahali mlinzi alipo, lakini duara la kituo lililochorwa kwenye ramani ya mfumo lilikuwa pana, likameza geti, barabara na kibanda chenyewe. Kijani! Wanarudi na chapati ya mayai mkononi. Muda wote huo geti halina mtu, na mfumo unawasifu.

Mmoja tu hakwenda. Alikuwa mzee, mwanajeshi mstaafu, anayelea wajukuu kwa kazi hiyo. Alibonyeza pale pale alipopangwa, kila saa, na kila saa taa yake ikawaka nyekundu. Jina lake likapanda mpaka juu ya watoro wote wa kampuni. Niliposikia anafukuzwa, nilishuka Port Bell mwenyewe. Nilimkuta amesimama, viatu vinang'aa.

"Afande," nikamwambia, "kwa nini usitoke barabarani kidogo kama wenzako?"

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyetukana mbele ya wakubwa.

"Madam, wewe iko mtoto ya kambi. Nani alifundisha wewe hiyo? Mimi nalinda geti. Hapana linda simu."

Nilirudi ofisini nimefura. Kesho yake nilimburuta mkurugenzi hadi getini, nikamkabidhi simu, nikamwambia abonyeze mwenyewe. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikagoma. Akainua simu juu ya kichwa. Akasogea ukutani. Akatoka getini, akapanda barabara na tai yake, mimi nyuma yake, hadi kibandani. Simu ikalia: Uko kazini. Asante.

Hata mkaanga chapati alicheka. Nikasema moyoni, haya, sasa bosi ameelewa.

Tukarudi getini, yeye akitokwa jasho, anatabasamu. "Umeona? Inafanya kazi. Tatizo ni huyu mzee, hataki kutembea."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Nilimfokea bosi wangu mchana kweupe. Nilimwambia kwamba wakati simu inamshukuru, yeye hakuwa kazini, na aliyekuwa kazini ndiye anayefukuzwa. Nilimwambia wenye mali wanalala wakiamini geti hili lina mtu. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi, kwamba kompyuta haina ndugu wala kabila, ndiyo maana anaiamini kuliko mimi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha akamgeukia mzee, akampa nafasi ya mwisho: atembee kama wenzake, na yaishe. Nilimwomba Mungu kwamba mzee akubali, kwa ajili ya wale wajukuu.

Mzee akakaza mgongo. "Lindo hapana achwa, sir."

"Basi nenda nyumbani."

"Nani anapokea mimi?"

Mkurugenzi akasema aende tu, mtu atakuja. Mzee akatikisa kichwa. Gari la mkurugenzi likaondoka, naye akabaki pale pale, mtu aliyekwisha kufukuzwa, anafungua na kufunga geti, anakagua malori. Nilibaki naye, nimekaa juu ya tofali, nalia kwa hasira. Jioni mlinzi wa zamu alipofika, mzee alimkabidhi funguo, filimbi na ile simu, akapiga saluti, akaondoka.

Saa ikafika. Yule mlinzi mpya akachukua simu, akapanda barabara.

Tangu siku ile mkurugenzi anawaonyesha wageni skrini yangu, jinsi Port Bell ilivyonyooka. Ninapoandika haya taa yake imewaka tena, kijani kibichi. Maana yake ni kwamba sasa hivi, getini, hakuna mtu.